Miji ya Shaba na Mchezo wa Barafuni

Wasikilizaji wetu, mchezo wa magongo uitwao hoki si mgeni kwenu. Ninyi mkaao karibu na miji ya pwani, au Nairobi, mmepata kuwaona Magoa na Masingasinga wakiucheza uwanjani, kila mtu na gongo lake lililopindika nchani, wakigombea mpira mdogo mgumu. Leo tunataka kuwasimulieni habari za ndugu ya mchezo huo, uchezwao katika nchi za baridi juu ya barafu. Na hasa habari za ligi moja ndogo iliyoishi miaka mitatu tu, tangu 1904 hata 1907, katika miji ambayo wengi wenu hamjapata kuisikia. Ligi ile ilikuwa ndogo, lakini ugomvi uliozaliwa nao haukuwa mdogo. Ulikuwa ugomvi juu ya neno hili: je, mtu achezaye mbele ya watu waliotoa fedha mlangoni, yampasa kupewa sehemu ya fedha zile, au ni aibu kwake kuzipokea?

Kwanza yatupasa kuueleza mchezo wenyewe. Maji yakigandishwa na baridi huwa magumu kama sakafu, na utelezi wake ni mkubwa. Mchezaji huvaa viatu vyenye kisu cha chuma chini ya wayo, naye hateleza kwa bahati mbaya kama mtu apitaye tope la masika, bali huteleza kwa kukusudia, na mbio zake humpita mtu akimbiaye nchi kavu. Badala ya mpira wa mviringo kuna kisahani kizito cha mpira mweusi, kinene kama kidole gumba, nacho husukumwa kwa gongo hata kiingie langoni. Siku hizi wachezaji wa upande mmoja walioko barafuni ni sita. Siku zile walikuwa saba. Na huyo wa saba hakuwa na mahali pake maalum, alizunguka uwanja wote, kulinda na kushambulia. Walicheza nusu saa, wakapumzika, wakacheza nusu saa ya pili. Wala haikuruhusiwa kumpa mwenzio kisahani kwa mbele. Ilikulazimu kumpa aliye ubavuni au nyuma yako, au ukipeleke mwenyewe katikati ya magongo ya adui. Tena aliyechoka hakubadilishwa. Labda aliyeumia sana ndiye aliyetolewa. Basi fikirini wenyewe jinsi mtu alivyokuwa baada ya saa nzima ya kazi hiyo.

Mchezo huu ulikulia Kanada, nao Wakanada waliupenda kama sisi tupendavyo kandanda. Mwaka 1893 kilianza kushindaniwa kikombe cha fedha alichokitoa Lord Stanley, aliyekuwa Gavana Jenerali wa nchi ile. Kikombe hicho kilikuwa cha wachezaji wa ridhaa, maana yake watu wachezao kwa kupenda, pasipo ujira. Na katika jimbo la Ontario kulikuwa na chama kilichoshika sheria ya ridhaa kwa mkono wa chuma. Rais wake tangu 1899 hata 1905 alikuwa John Ross Robertson, mwenye gazeti mjini Toronto. Bwana huyo hakuwa mtu mbaya. Mali yake nyingi aliitumia kwa hospitali ya watoto wagonjwa mjini mwake. Lakini katika jambo la fedha na mchezo hakusikia la mtu. Aliona kwamba fedha ikiingia uwanjani, kamari itaifuata, na baada ya kamari watu watauza mechi. Hofu hiyo haikuwa ya bure, nasi hatutaki kuicheka. Ila njia aliyoifuata chama chake ilikuwa kali mno. Mchezaji akishukiwa kuwa amepokea fedha, si mshtaki aliyetakiwa kuthibitisha, bali mshitakiwa mwenyewe ndiye aliyetakiwa kuonyesha kwamba hana hatia. Kila mtu ajua kwamba kuthibitisha jambo ambalo hukulitenda ni kazi ngumu kuliko zote.

Sheria hiyo ndiyo iliyompata kijana mmoja jina lake Jack Gibson, wa mji wa Berlin. Msidhani ni Berlin ya Ujerumani. Huu ni mji wa Ontario ulioanzishwa na wahamiaji wa Kijerumani, na mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, jina lake liligeuzwa kuwa Kitchener. Mwaka 1898 timu ya Berlin iliwashinda majirani zao wa Waterloo. Meya wa Berlin akafurahi, akampa kila mchezaji sarafu moja ya dhahabu ya dola kumi iwe ukumbusho. Kwetu sisi hiyo ni bakshishi ya harusi. Kwa chama cha Ontario ilikuwa mshahara, na timu nzima ikafukuzwa.

Gibson akavuka mpaka kuingia Marekani, akajifunza udaktari wa meno mjini Detroit, na kadiri ya mwaka 1900 akaenda kufanya kazi yake mahali paitwapo Houghton, kaskazini kabisa mwa jimbo la Michigan. Hapo palikuwa mbali na kila kitu. Ni rasi iliyojitokeza ndani ya Ziwa Superior, ziwa kubwa kuliko hata Viktoria Nyanza yetu, na theluji ya huko hufunika madirisha ya nyumba. Lakini chini ya ardhi palikuwa na shaba. Wakati ule dunia ilikuwa ikitandika nyaya za simu na za umeme kila upande, na nyaya hizo zilitaka shaba. Wakaja watu wa mataifa mengi kuichimba: Waingereza wa Cornwall, Wafini, Waitalia, Wakroeshia. Mji wa Calumet na vitongoji vyake, ulio maili kama kumi na mbili kutoka Houghton, ulikuwa na watu zaidi ya 25,000 mwaka 1900, karibu wote wakiishi kwa mgodi. Mchimbaji alipata dola mbili na kitu kwa siku. Wakati wa baridi, kazi ikiisha, jua limekwisha kuzama zamani, na nje kuna theluji kimo cha mtu. Watu hao walitaka kitu cha kutazama, na shilingi ya kukilipia, yaani dola yao, walikuwa nayo.

Aliyeliona jambo hilo upesi ni mfanya biashara wa Houghton aitwaye James Dee. Mwaka 1902 lilijengwa jumba kubwa la mchezo kando ya maji, likaitwa Amphidrome. Barafu yake haikutengenezwa kwa mitambo. Walimwaga maji sakafuni, baridi ya Mungu ikafanya kazi iliyobaki. Gibson akawa nahodha wa timu iliyoitwa Portage Lake, kwa jina la maji yapitayo mbele ya mji. Kisha yeye na Dee wakaamua kufanya waziwazi yale ambayo wengine walikuwa wakiyafanya gizani. Maana msifikiri, wasikilizaji wetu, kwamba huko Kanada wachezaji wote walikuwa malaika. Mchezaji hodari alihamia mji fulani, na mara akapata kazi nzuri dukani kwa mwenye timu, kazi isiyokuwa na jasho. Au baada ya mchezo alikuta bahasha katika kiatu chake. Jambo hilo lilijulikana na kila mtu, na kila mtu alilikana. Portage Lake walisema: sisi tunalipa, na mtu atakaye kuja na aje. Ilipofika majira ya baridi ya 1903 na 1904, timu yote ilikuwa ya watu wa mshahara, wengi wao Wakanada, na mwezi wa Machi 1904 wakawashinda Wanderers wa Montreal mara mbili.

Palikuwa na mji mwingine uliotangulia katika kulipa, nao ni Pittsburgh, mji wa chuma cha pua. Huko lilikuwako jumba la Duquesne Garden, ambalo zamani lilikuwa banda la kuwekea magari ya tramu. Barafu yake ilifanywa kwa mashine, mabomba ya maji ya chumvi yenye baridi kali yakipita chini ya sakafu. Hivyo watu wa Pittsburgh waliweza kucheza hata kabla baridi ya nje haijakaza.

Mwishoni mwa mwaka 1904 Dee na wenzake wakaunganisha miji mitano kuwa ligi moja, nayo ikaitwa Ligi ya Kimataifa ya Hoki. Ilikuwa ligi ya kwanza ambamo kila timu ililipa wachezaji wake kwa wazi. Miji yenyewe ilikuwa Houghton, Calumet, Pittsburgh, na miji miwili pacha yenye jina moja, Sault Ste. Marie, ambayo watu huifupisha wakasema Soo. Mmoja uko ng'ambo ya Marekani na wa pili ng'ambo ya Kanada, na kati yao ni mto tu. Kwa ajili ya huo mmoja wa Kanada ligi ilistahili kuitwa ya kimataifa. Angalieni ramani nanyi mtaona taabu yao: kutoka Houghton hata Pittsburgh kwa reli ni zaidi ya maili 700, na safari hiyo ilifanywa katikati ya theluji, watu wakilala garini, wakifika wakicheza, wakirudi njia ile ile. Mwaka wa kwanza kila timu ilipangiwa michezo 24. Calumet walikuwa wa kwanza. Miaka miwili iliyofuata, 1906 na 1907, bingwa alikuwa Portage Lake.

Mshahara wa kawaida ulikuwa kati ya dola 15 na dola 40 kwa juma. Mtu wa dola 15 hakumpita sana mchimbaji wa shaba aliyekuja kumtazama. Mtu wa dola 40 alikuwa bwana. Kwa muda wa miaka mitatu wachezaji bora wa Kanada walifuatana kwenda katika miji hii midogo, wakipanda treni jioni mmoja mmoja, na magazeti ya kwao yakiwaita wasaliti.

Mmoja wao alikuwa Hod Stuart wa Ottawa, mtu mrefu mwenye nguvu, ambaye wengi walisema hapana mlinzi aliyemzidi duniani. Alianza Pittsburgh, akaenda Portage Lake, kisha Calumet wakampa dola 1,800 awe mchezaji, nahodha na mkufunzi, naye ndiye aliyewaongoza kupata ubingwa wa mwaka wa kwanza. Timu nyingine zikanung'unika kwamba mchezo wake ni wa kuumiza watu, hata akasimamishwa kwa muda. Kweli ligi ile ilikuwa na ukali. Magongo yalipanda hata usoni, na damu juu ya barafu nyeupe huonekana mbali. Mwingine, Joe Hall wa Portage Lake, alipewa jina la Joe Mbaya. Lakini tusisahau kwamba wenye timu waliuza tiketi kwa ukali huo huo, na waliokaa vitini waliushangilia.

Habari ya Fred Taylor yatuonyesha vizuri zaidi ugomvi ulikuwa juu ya nini. Taylor alikuwa kijana wa kiwanda cha piano katika mji mdogo wa Listowel, Ontario. Wakubwa wa chama walimtaka aende kucheza Toronto, naye akakataa. Kwa kukataa huko akazuiwa kucheza mahali popote katika Ontario kwa majira mazima ya 1904 na 1905. Tazameni: mtu huyu hakuwa amepokea hata senti moja. Alikuwa wa ridhaa hasa, lakini ridhaa yake haikuwa yake mwenyewe. Ilikuwa mikononi mwa wengine. Akaenda mbali magharibi, Manitoba, akacheza huko kidogo, na mapema mwaka 1906 ikamfikia habari kutoka Houghton: dola 400 pamoja na gharama zake, kwa majuma machache yaliyobaki ya majira. Akaenda. Alicheza michezo sita akafunga mabao kumi na moja, na Portage Lake wakawa mabingwa. Baadaye alipewa jina la Cyclone, yaani Tufani, na watu wa Kanada hawajalisahau.

Sisi twaona hivi. Wale waliosema kwamba fedha huharibu mchezo walikuwa, wengi wao, watu wenye fedha. Mwenye duka la magazeti au mwana wa hakimu aweza kucheza hoki kwa ridhaa mpaka uzee. Kijana wa kiwandani akikosa siku tatu za kazi kwa ajili ya safari ya mchezo, nani atamlipa siku hizo? Wala fedha za mlangoni hazikuruka angani. Ziliingia mfukoni mwa mtu. Swali lilikuwa ni mfuko wa nani. Pamoja na hayo, hatusemi kwamba Dee na wenzake walikuwa mawalii. Walikuwa wafanya biashara, na walipoona hasara inakuja walifunga mlango bila machozi mengi.

Na hasara ilikuja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya ajabu, maana ilitokana na ushindi wao. Timu kubwa za Montreal na Ottawa ziliona wachezaji wao wakiondoka kila mwaka, na majumba yao yakibaki na watu wa pili. Mwezi wa Novemba 1906 ligi yao ilikubali kwamba timu yaweza kuwachanganya wachezaji wa mshahara na wa ridhaa, mradi hali ya kila mtu itangazwe magazetini. Hapo siri ya bahasha ikaisha, angalau huko Montreal. Lakini sasa kijana wa Kanada alikuwa na sababu gani ya kusafiri mpaka kwenye theluji ya Houghton? Desemba ile ile Hod Stuart akagombana na watu wa Pittsburgh, akaondoka, akajiunga na Wanderers wa Montreal, na mwezi wa Machi 1907 alikuwa miongoni mwa walioshinda Kikombe cha Stanley. Taylor naye akaenda Ottawa. Miji midogo ilikuwa imeufungua mlango kwa nguvu, na walioupitia walikuwa wachezaji wao wenyewe, wakitoka.

Njia ya pili ilikuwa shaba. Mwanzo wa mwaka 1907 ratili moja ya shaba ilikuwa na bei ya senti 25 hivi. Kufikia Oktoba ilikuwa imeshuka hata nusu yake. Mwezi huo huo, mjini New York, ndugu wawili wa jamaa ya Heinze walijaribu kuzishika hisa zote za kampuni moja ya shaba ili wajipandishie bei. Hila yao ikavunjika, na ilipovunjika ikaangusha mabenki; watu wakapanga mistari barabarani kutoa akiba zao. Wamarekani huuita mshituko wa 1907. Katika hali hiyo nani angelipa safari ya maili 700 kwa ajili ya kisahani cha mpira? Majira ya baridi yakafika, maji yakamwagwa na kuganda kama kawaida, lakini ligi haikuanza, wala haikuanza tena kamwe.

Hod Stuart hakuyaona hayo. Tarehe 23 Juni 1907, siku ya joto, alikwenda kuogelea karibu na mji wa Belleville, Ontario, alikokuwa akifanya kazi ya ujenzi ya baba yake. Akaruka majini kichwa mbele mahali penye miamba, akavunjika shingo. Alikuwa na mke na watoto, na mchezaji wa mshahara hakuwa na pensheni. Tarehe 2 Januari 1908 rafiki zake wakachezesha mechi mjini Montreal, Wanderers dhidi ya timu ya wachezaji waliochaguliwa kutoka timu nyingine zote, na fedha za mlangoni, zaidi ya dola 2,000, wakapewa mjane na yatima wake. Wengi huihesabu kuwa mechi ya kwanza ya namna hiyo katika historia ya michezo.

Mwezi huo huo wa Januari 1908 ilianza ligi ya kulipwa ndani ya Ontario kwenyewe, chini ya pua ya chama cha ridhaa, na katika timu zake nne mojawapo ilikuwa ya Berlin, mji uliofukuzwa miaka kumi nyuma kwa ajili ya sarafu za meya. Na mwishoni mwa mwaka 1909 ilipoanzishwa timu ya Canadiens ya Montreal, ambayo mpaka leo ni maarufu, aliyepewa kazi ya kuiunda alikuwa Jack Laviolette, na wa kwanza kuandikwa alikuwa Didier Pitre. Wote wawili walikuwa wamechezea Soo ya Marekani. Aliyeifungia bao la kwanza, tarehe 5 Januari 1910, alikuwa Newsy Lalonde, naye wa Soo ya Kanada. Joe Hall naye alikuja kuwa mchezaji wa timu hiyo, akafa kwa homa ya mafua makubwa mwaka 1919 huko Seattle, alikokwenda kugombea Kikombe cha Stanley.

Jumba la Amphidrome liliungua mwaka 1927, likajengwa upya, na tangu 1943 laitwa kwa jina la James Dee. Jumba la Calumet lilibomolewa mwaka 1921, likapakiwa juu ya reli, likasimamishwa tena katika mji wa Marquette. Migodi ya shaba ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Daktari Gibson alirudi Kanada, akafanya kazi yake ya meno katika mji wa Calgary mpaka alipozeeka, akafa mwaka 1954. Mwaka 1976 jina lake liliandikwa katika jumba la heshima la mchezo wa hoki, ambalo liko Toronto, mji wa John Ross Robertson.